KUKWEA NI KURUDIA

Makala ya mafunzo. Imeandikwa na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mlezi wa chama chetu ameniomba niandike juu ya mchezo wa kukwea kuta, na hasa juu ya jambo moja: jinsi mtu anavyopata ujuzi kwa kukwea njia ile ile tena na tena. Sikuombwa kwa sababu mimi ni bingwa. Hata kidogo! Niliombwa kwa sababu ya mambo yaliyotokea muhula wa pili, ambayo nusu ya shule inayajua, na nusu nyingine imeyasikia yakiwa yametiwa chumvi. Wacha niyasimulie kwa ufupi, kisha tuingie darasani.

Chanzo cha makala haya

Likizo ya Aprili nilikwenda Nairobi kwa mjomba. Mjomba wangu ni msafishaji katika jumba moja lenye kuta za kukwea. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alikuwa akipiga deki, nami nilikuwa nikimsaidia kupangusa magodoro. Mwalimu wa pale, dada mmoja mpole lakini asiyependa mzaha, aliniona nikiutazama ukuta kama mtoto anayetazama mandazi. Akaniambia, "Ukimaliza kazi ya mjomba wako, panda." Nikapanda kwa wiki tatu.

Niliporudi shuleni, mdomo haukufungika. Niliwaambia wenzangu kuwa ninakwea kama mjusi. Wakanisifu, nami nikazidi kuongeza. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jumamosi moja tulikwenda kwenye timbo la zamani, pale palipochongwa mawe ya kujengea. Nikakwea kipande kidogo, watu wakapiga makofi. Rafiki yangu, tunayekaa naye dawati moja, akasema, "Ati wewe pekee ndiye unaweza?" Ningemzuia. Badala yake nikamwambia, "Jaribu basi."

Alifika urefu wa watu wawili. Mguu ukateleza. Akaanguka kinyumenyume, akatanguliza mkono kujizuia, na kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Alifungwa plasta kwa wiki sita. Muda wote huo nilimnakilia noti, na kila nilipoandika nilijiuliza: ni nini ambacho sikumwambia?

Jibu ni hili. Niliwaeleza wenzangu jinsi nilivyofika juu. Sikuwaeleza kwamba siku ya kwanza kule Nairobi sikufundishwa kukwea hata kidogo, nilifundishwa kuanguka. Sikuwaeleza kwamba kabla ya kufika juu ya njia moja ngumu nilianguka mara ishirini na sita, juu ya godoro nene. Nilisimulia kilele nikaficha ngazi. Makala haya ni ngazi niliyoificha.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kuna namna nyingi za kukwea. Wanaokwenda Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye urefu wa mita 5,199, hutumia kamba, vyuma na siku kadhaa. Mchezo ninaouzungumzia ni mfupi. Wageni huuita bolderingi, jina linalotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya jabali. Mtu hukwea jabali fupi, au ukuta mfupi uliotengenezwa, bila kamba yoyote. Chini huwekwa godoro. Ndani ya majumba ya michezo kuta hizi huwa na urefu wa mita 4 hivi au zaidi kidogo, yaani kama paa la darasa letu.

Zamani wakweaji wa Ufaransa walikuwa wakienda kwenye majabali ya msitu wa Fontainebleau, kusini ya Paris, kujizoeza kabla ya kwenda milimani. Katika miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, John Gill, aliyekuwa mwanahisabati na mcheza sarakasi za viungo, aliuchukua ukweaji wa majabali kuwa mchezo kamili. Ndiye aliyewazoesha wakweaji kujipaka mikononi ule unga mweupe wa chaki unaokausha jasho. Mwaka wa 1964, katika Chuo Kikuu cha Leeds huko Uingereza, mwalimu wa michezo Don Robinson alipachika mawe kwenye ukuta wa ushoroba ili wanafunzi wajizoeze hata wakati wa baridi na mvua. Huo ulikuwa miongoni mwa kuta za kwanza za kukwea zilizojengwa ndani ya nyumba. Sisi wa Keringet tunajua mvua ni nini, kwa hivyo bila shaka tunamwelewa.

Siku hizi mchezo umefika mbali. Uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021. Janja Garnbret wa Slovenia alishinda dhahabu pale, akashinda tena Paris mwaka wa 2024. Afrika nayo ilikuwako Tokyo: Christopher Cosser na Erin Sterkenburg wa Afrika Kusini walikwea. Mkenya bado. Nimesema bado.

Majina kwa Kiswahili

Chama chetu ni cha Kiswahili, basi tusikwee kwa maneno ya kuazima tukiwa na yetu. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kwenda juu. Kupanda ni neno la wote: mtu hupanda ngazi, hupanda gari, hupanda cheo. Kukwea ni kwenda juu kwa kutumia mikono na miguu, na ndiyo maana mtu wa Pwani anayeangua nazi huitwa mkwezi. Kuparamia ni kurukia juu ya kitu pasipo mpango. Ukiniuliza, rafiki yangu na mimi pale timboni hatukukwea, tuliparamia.

Hapa nitatumia maneno haya:

Kishikio ni kile kipande cha plastiki kilichofungwa ukutani kwa parafujo, cha kushikwa na mkono au kukanyagwa na mguu. Kishikio cha kikombe ni kile kikubwa ambacho mkono mzima unaingia. Kishikio cha ukingo ni chembamba, kinashikwa kwa ncha za vidole. Kishikio cha kubana kinashikwa kwa kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili. Kishikio cha mgongo ni cha mviringo, hakina pa kuingiza vidole, na hushikika tu kwa kukilalia kwa kiganja.

Kitendawili ni njia moja ya kukwea, tangu vishikio vya kuanzia mpaka cha mwisho. Wenye mchezo huiita tatizo, lakini mimi naona kitendawili kinafaa zaidi. Mwenye ukuta hutega kwa kupanga vishikio vya rangi moja, nawe hutegua kwa mwili. Ukishindwa hutozwi mji. Unaanguka tu, unaambiwa jaribu tena.

Somo la kwanza: kuanguka

Usicheke. Hili ndilo somo ambalo laiti ningelifundisha kabla ya kujivuna, mfupa wa rafiki yangu ungekuwa mzima.

Simama juu ya godoro, si juu ya ukuta. Ruka juu kidogo, utue kwa miguu yote miwili, iwe imeachana kwa upana wa mabega. Magoti yapinde. Usisimame wima kama mlingoti, kwa sababu hapo nguvu yote itapanda kwenye magoti na uti wa mgongo. Ukishatua, keti, kisha bingiria mgongoni. Mikono ikunje kifuani, kidevu kisogee kifuani. Usinyooshe mkono nyuma kujizuia. Mwili mzima ukiangukia kiganja kimoja, kifundo au kiwiko hakiwezi kubeba. Ndivyo rafiki yangu alivyoumia.

Fanya hivyo mara kumi ukiwa chini, kisha mara kumi ukitokea kwenye kishikio cha kiunoni, kisha kwenye cha kifuani. Rudia mpaka mwili ufanye wenyewe, kwa maana mtu anayeanguka hana nafasi ya kukumbuka noti. Na kila unapoweza kushuka kwa kukwea kinyumenyume, shuka. Mpanda ngazi hushuka, na si lazima ashuke kwa kuruka. Tena usikae wala kupita chini ya mtu anayekwea, hata kama umeitwa.

Kwa nini kurudia kunasaidia?

Mtu akikitazama kitendawili kwa mara ya kwanza hufikiri shida ni nguvu. "Sina misuli," husema. Nami nilisema hivyo. Kitendawili changu kilikuwa cha vishikio tisa vya bluu. Siku ya kwanza nilijaribu mara sita na sikupita kishikio cha nne. Mikono ilinitetemeka kama ya mtu mwenye homa. Nikamwambia mwalimu kwamba nitaanza kupiga pushapu.

Akaniuliza, "Mguu wako wa kushoto ulikuwa wapi ulipoanguka?" Sikujua. Akaniambia, "Basi hujashindwa na nguvu. Umeshindwa kujua ulipo."

Siku ya pili nilijaribu mara saba, lakini kila nilipoanguka nilikaa chini nikaandika katika daftari: mkono wa kulia kishikio cha tatu, mguu wa kushoto hewani. Mara ya kumi na moja nikagundua kwamba nikigeuza nyonga ya kulia ikaribie ukuta, mkono unafika mbali zaidi bila kuvuta sana. Misuli yangu ilikuwa ile ile ya jana. Kilichobadilika ni kwamba mwili ulikuwa umejifunza njia.

Ndiyo kazi ya kurudia. Mara ya kwanza akili inahangaika na kila kitu kwa pamoja: wapi pa kushika, wapi pa kukanyaga, nikianguka itakuwaje. Unashika kwa nguvu nyingi kuliko inavyotakiwa kwa sababu ya woga, na nguvu inaisha upesi. Ukirudia, sehemu zinazojulikana zinafanyika bila kufikiriwa, na akili inabakia kushughulikia ile sehemu moja ngumu. Ni kama kusoma kwa sauti. Mtoto wa darasa la kwanza hutoka jasho kwa kuunganisha ba-ba, wewe unasoma ukurasa mzima huku ukiwaza chakula cha mchana.

Lakini angalia! Kurudia kosa pia ni kurudia. Ukikwea vibaya mara mia, utakuwa umehitimu ubaya. Kwa hivyo kila jaribio liwe na swali moja. Kwa mfano: safari hii nitaweka mguu juu kidogo, je, mkono utafika? Badilisha kitu kimoja tu, si vitano, ndipo utajua ni kipi kilichosaidia. Walimu wetu wa sayansi watatambua mbinu hii.

Namna nne za kurudia

Namna ya kwanza ni kurudia yaliyo mepesi. Chukua kitendawili unachokiweza, ukikwee tena kwa miguu isiyotoa sauti. Kila unapokanyaga, tazama kishikio mpaka ncha ya kiatu itulie, ndipo uinue macho. Ukisikia "kop!" umekosea, anza upya. Utashangaa jinsi kitu chepesi kinavyokuwa kigumu. Mwanzoni nilidharau zoezi hili. Baadaye nikaona ndilo lililonitoa kishikio cha nne.

Namna ya pili ni kukata kitendawili vipande. Kama mwisho wake unakushinda, usianze chini kila mara ukafika pale umechoka. Anza katikati, ukwee vishikio vitatu vya mwisho peke yake. Ukivijua, anza kishikio kimoja chini zaidi, kisha kingine. Hivyo utakapounganisha yote, utakuwa unatoka kwenye usichokizoea sana kwenda kwenye unachokijua kabisa. Wanaokariri shairi refu hufanya vivyo hivyo wakianza na ubeti wa mwisho.

Namna ya tatu ni kuchanganya. Mtu akiwa na vitendawili vitatu, hupenda kukikwea kimoja mpaka akimalize, kisha kingine. Hiyo inafaa siku ya kwanza. Ukishavijua kidogo, vichanganye: cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu rudi cha kwanza. Mwaka wa 1979 watafiti wawili wa Marekani, Shea na Morgan, waliwafundisha watu miendo ya mikono kwa namna hizi mbili. Waliojifunza bila kuchanganya walionekana hodari wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Kuchanganya kunaudhi kwa sababu unahisi kama unasahau. Kumbe ule ugumu wa kukumbuka upya ndio unaokita ujuzi.

Namna ya nne ni ya kuongeza stahamala. Chagua vitendawili vinne vilivyo rahisi kwako. Vikwee vyote vinne mfululizo, pumzika dakika chache, kisha rudia mpaka utimize mizunguko minne. Hii si ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mtu akichoka, miguu inakuwa mizembe na anaanza kujifunza uzembe. Ukiona hivyo, acha, nenda ukanywe maji.

Na ukishafika juu je? Mimi nilipofika juu ya kitendawili cha bluu, jaribio la ishirini na saba, nilipiga ukelele hadi mjomba akaangusha ndoo. Mwalimu hakupiga makofi. Alisema, "Sasa umefika, lakini bado hujajua. Kesho rudia." Kesho yake nilianguka mara nne kabla ya kufika. Lo! Nilihisi kama nimeibiwa. Siku ya tatu nilianguka mara moja. Siku ya nne nilikwea mara tatu bila kuanguka. Hapo ndipo nilipomwelewa. Kufika mara moja kunaweza kuwa bahati. Kufika mara tatu mfululizo ni ujuzi.

Pumziko na vidole

Kurudia hakumaanishi kuparamia bila kupumua. Baada ya jaribio gumu pumzika dakika 3 hadi 5. Nguvu ya ghafla ya misuli hurudi kwa dakika chache, na ukirukia ukuta baada ya nusu dakika utaanguka mapema kuliko mwanzo, kisha useme huna kipaji. Kabla ya kuanza, pasha mwili joto kwa dakika 10 au 15: kimbia polepole, zungusha mabega, kwea vilivyo rahisi. Na usikwee kila siku kwa nguvu zote. Siku mbili au tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi, maana mwili hujenga na akili hupanga yaliyofunzwa wakati umelala.

Sasa hili ni la vijana, tusikilizane. Misuli hupata nguvu kwa wiki chache, lakini kano za vidole huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hivyo utajihisi shujaa wakati vidole bado ni dhaifu. Tena kijana anayekua ana sehemu laini ya gegedu karibu na ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia. Vidole vikilazimishwa mno kwenye vishikio vya ukingo, sehemu hiyo inaweza kupasuka. Ukipata maumivu au uvimbe kwenye kiungo cha katikati cha kidole, usiseme "ni kawaida, wacha nijikaze." Acha kukwea, mwone daktari. Hii ndiyo sababu vile vibao vya kuning'inia kwa vidole, na kuruka kwa mikono bila miguu, waachiwe watu wazima waliokwea miaka mingi. Hata Wolfgang Güllich wa Ujerumani, aliyebuni ngazi ya kuruka kwa mikono mwaka wa 1988, alikuwa tayari miongoni mwa wakweaji hodari kabisa duniani.

Waliorudia kabla yetu

Kama unadhani kurudia ni kwa wanyonge peke yao, sikiliza. Huko Lappnor, Finland, kuna jabali lenye njia iitwayo Burden of Dreams. Nalle Hukkataival alihangaika nalo kwa miaka kama minne, na alipofika juu mwezi wa Oktoba 2016 lilihesabiwa kuwa jabali gumu kuliko yote yaliyowahi kukwewa. Yaani jiwe moja, fupi kuliko mnazi, miaka minne! Baadaye Will Bosi wa Scotland alitaka kulikwea pia. Alijizoeza ndani ya nyumba kwenye nakala ya vishikio vya jabali lile, akarudia miendo ile ile mpaka mwili ukaizoea, kisha akasafiri, na Aprili 2023 akalikwea. Huyo ndiye mfano bora kabisa wa mazoezi ya ndani yanayozaa matunda ya nje.

Lakini kwa nini twende Finland? Pwani yetu kuna mgema. Asubuhi yuko juu ya mnazi, jioni yuko juu ya mnazi ule ule, na kesho tena. Hana godoro chini. Usalama wake ni kwamba anaijua kila pingili aliyoichonga kama anavyojua mlango wa nyumba yake.

Na hapa hapa Keringet tuna Faith Kipyegon. Alikulia katika milima hii tunayopanda tukielekea shuleni, na mwaka wa 2010, akiwa na miaka kumi na sita, alikimbia peku katika mbio za nyika za dunia huko Bydgoszcz, Poland, akawa wa nne miongoni mwa wasichana chipukizi. Mwaka uliofuata akarudi, akashinda. Ameshinda mita 1500 katika Olimpiki tatu mfululizo, mwaka wa 2016, 2021 na 2024. Tazama rekodi zake za dunia za umbali huo: Juni 2023 dakika 3 sekunde 49.11, Julai 2024 dakika 3 sekunde 49.04, Julai 2025 dakika 3 sekunde 48.68. Kati ya ya kwanza na ya pili kuna mwaka mzima wa mazoezi, na tofauti ni sehemu saba tu za sekunde iliyogawanywa mara mia! Hata kope huchukua muda zaidi kupepesa. Mkimbiaji hupanda kilima, hushuka polepole, hupanda tena kile kile. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Huku kwetu tufanyeje?

Utasema, "Huku hakuna jumba la kukwea, sasa makala haya ni ya nini?" Swali zuri. Katika kaunti yetu, kule Naivasha, kuna Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iliyoanzishwa mwaka wa 1984. Ndani yake kuna nguzo ya mawe iitwayo Fischer's Tower, yenye urefu wa mita 25 hivi, ambapo wageni hukwea kwa kamba wakiwa na kiongozi. Chama cha Jiografia kikienda huko, tuombe nafasi. Ila bila kamba na kiongozi, usiguse.

Hapa shuleni tunaweza kufanya jambo dogo lakini la maana: kukwea kwa ubavu. Tafuta ukuta mfupi wa mawe uliojengwa imara, ulio na nyasi laini chini, na uombe ruhusa ya mwalimu. Usiende juu. Nenda kando, kutoka pembe moja mpaka nyingine, miguu isipite urefu wa goti lako. Ukianguka, umeshuka tu kama anayeshuka kitandani. Hesabu hatua. Kesho rudia njia ile ile kwa hatua chache zaidi au kwa miguu isiyotoa sauti. Andika katika daftari. Ukishaweza kwenda kulia, jaribu kwenda kushoto, na utaona kama umezaliwa upya. Zoezi hili hutumiwa na wakweaji kote duniani, wala halihitaji senti.

Timboni? Hapana. Mawe yake yamelegea kwa mvua, na chini ni changarawe.

Kuhusu rafiki yangu, plasta ilitolewa, na daktari alimpa mazoezi ya kufinya mpira kila siku, mara kumi kumi. Naye anarudia. Nilimwomba msamaha, akanijibu, "Wewe niandikie tu yale ambayo hukuniambia." Makala haya aliyasoma kabla ya mhariri. Alipofika kwenye somo la kuanguka, alinyamaza kitambo, kisha akasema niliweke mwanzo kabisa. Nikaliweka mwanzo. Wiki iliyopita, kwa idhini ya daktari na ya mwalimu wa michezo, alikwenda kwa ubavu hatua tatu kwenye ukuta wa nyuma ya maktaba, nami nimesimama karibu naye. Amesema wiki hii anataka nne.

Maswali ya kujadili chamani

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya kupanda, kukwea na kuparamia. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Kwa nini mtu anayeanguka asinyooshe mkono nyuma? Onyesha kwa vitendo juu ya nyasi namna ya kutua.
3. Chagua kazi moja unayoifanya kila siku nyumbani, kama kukama ng'ombe au kuchuma chai. Ni jambo gani ambalo mwili wako unalijua leo bila kufikiri, na ambalo zamani lilikushinda?
4. "Nilisimulia kilele nikaficha ngazi." Je, wewe umewahi kufanya hivyo? Andika insha ya ukurasa mmoja.